Kinu Kitupu cha Kimaka

Asubuhi ile, mtaani kwetu Kimaka, nilikuwa uani nasuka kawa ya kufunikia chakula, kazi yetu wanawake wa Kinubi. Jirani yangu Mama Zaituni alikuwa anatwanga njugu uani kwake. Ndani, mume wangu Juma alikuwa ananyoa ndevu. Mashine za kiwanda cha nguo zilikuwa zimemharibu masikio, kwa hiyo mimi ndiye niliyesikia kwa niaba yake. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imeanguka, na askari wapya walitusaka Wanubi nyumba hadi nyumba, kana kwamba kila mmoja wetu aliishikia bunduki serikali hiyo.

Tulikuwa na mpango. Atakayewaona kwanza atwange kinu kitupu, na wanaume wakimbilie kwenye miwa nyuma ya nyumba. Tulichagua kinu kwa kuwa ni sauti ya kila siku, askari wasishtuke. Tulijiona werevu kweli.

Mlio wa kinu cha Mama Zaituni ukabadilika. Mti juu ya mti, mkavu.

Nikausikia. Nikachagua ukindu mwekundu, nikaendelea kusuka.

Nilipoinua kichwa, buti zilikuwa uani.

"Mwanaume iko wapi?"

"Hayuko, afande."

Juma akatoka na povu shavuni, anauliza chai.

Wakamchukua. Hatukuletewa hata maiti.

Sasa nakaa Malukhu, Mbale, kwa binti yangu. Jirani akianza kutwanga, najikuta mlangoni kabla sijajua nimesimama. Nimemfokea mara nyingi. Juzi akanijibu, "Mama, mimi natwanga binyebwa yangu tu, njugu ya mchuzi. Vita yako ilikwisha." Mshenzi yule! Alikuwa hajazaliwa.

Binti akanipeleka kwa daktari. Daktari akanieleza kwamba ubongo huacha kushughulika na sauti uliyoizoea, ndiyo maana watu hulala kando ya barabara kuu. Ukishaumizwa, hauachi hata moja ipite.

"Hukukosa, mama," akasema. "Ni ubongo tu."

"Na huo ubongo ni wa nani?"

Akainamia karatasi zake. Nilimchukia kwa upole wake.

Askari ndio waliomuua Juma, nami nitawalaani mpaka niingie kaburini. Lakini Mama Zaituni alitwanga mpaka viganja vikamchubuka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwa mume wangu, nasikia.