Dawa ya Meno ya Shangazi

Mama yangu huwatukana bakteria, na maabara nzima husikia. Anawalisha sukari, anawafungia kwenye kabati la joto wanenepe, kisha anawaambia, "Kuleni, mbwa nyie. Kesho mtanitambua."

Kesho yake huwawekea vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa tofauti tofauti. Penye dawa kali bakteria hufa, wakaacha duara tupu kuzunguka karatasi. Mama hulipima kwa rula, na likiwa pana hutabasamu, mdomo kaufumba.

Anaufumba kwa sababu ya Shangazi. Bakteria hao hao, wanaokula sukari na kutoa tindikali, walimtoboa Mama jino la mbele akiwa na mimba yangu, likang'olewa. Shangazi, dada yake baba, akamwita Pengo mbele ya wageni. Wakacheka, jina likaganda. Hata baba alilitumia, na ingawa ni marehemu sijamsamehe.

Mwaka huu Shangazi alikuja maabara, mtandio umemfunika mpaka puani.

"Wifi, meno yananiisha. Daktari anasema bakteria wasipokufa atayang'oa ya mbele yote. Na mwanangu anaolewa! Nitakaaje mbele za watu na mapengo?"

Neno hilo alilitamka bila kupepesa macho. Mimi damu ilinichemka. Mama akamkwangua ukoko wa meno, akaenda kuwaotesha bakteria wake.

"Utamdanganya kwenye majibu?" nilimuuliza pembeni.

"Ili hawa wadudu washinde? Thubutu!"

Dawa nyekundu ya kusukutua ndiyo iliyowafyeka. Daktari akaikubali, Mama akamkabidhi Shangazi chupa.

"Asubuhi na jioni, wifi. Sukutua, tema."

Akaishia hapo. Dawa ile ikikutana na chai huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na kila mgonjwa huonywa. Shangazi hatoki nyumbani bila chupa yake ya chai. Nikakohoa. Mama akanikanyaga mguu.

Siku ya harusi bakteria walikuwa wamekwisha, matundu yamezibwa, jino hata moja halijang'oka. Yote ya mbele yalikuwa ya kahawia. Mpiga picha alipotuomba tucheke, Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja. Mama, aliyekaa ubavuni kwake, akacheka kinywa wazi, pengo lote nje. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na nilifurahi mno.

Tulipofika nyumbani roho ikanisuta kidogo.

"Mama, madoa yale si daktari huyasugua yakatoka siku hiyo hiyo?"

"Yanatoka."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia." Akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi. "Kwani wewe sasa una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi na yeye asubiri kidogo."