Mlango Uliobaki Kawangware

Nyumba niliyoitamani kuliko zote maishani mwangu ilikuwa ya kuwekea mashine ya kukata nyasi. Ilikuwa Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi, nyuma ya jumba nililolitunza kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kufungua lango, kusimamia watu wa bustani na kuandika kwenye daftari magari yaliyoingia na yaliyotoka. Kibanda hicho kilikuwa cha mbao, futi kumi kwa kumi na mbili, chenye madirisha mawili, paa la mabati ya kijani na kibaraza cha kutosha kiti kimoja. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hakikuwa na nguzo hata moja iliyofukiwa ardhini. Kilikaa juu ya mawe tisa, na mvua iliponyesha maji yalipita chini yake bila kukigusa.

Siku za Jumapili, wenyewe wakiwa wametoka, nilikuwa navuta kiti nje na kukaa hapo kibarazani. Mara moja nilikipima kwa futikamba. Nilijiambia napima tu.

Nilikumbuka vipimo hivyo miaka mingi baadaye, mke wangu alipoambiwa na daktari kwamba moyo wake umepanuka na hautarudi ulivyokuwa. Nilikuwa nimeshastaafu. Tulikuwa tunaishi Kawangware, na bado tunaishi hapo, chumba kimoja chenye pazia katikati. Binti zetu wawili wameolewa mbali. Tulifika nyumbani kutoka hospitali, akavua viatu, akavipanga mlangoni kama kawaida yake, akasema, “Baba, mimi sitaki kulazwa nje.”

Sikumwuliza ana maana gani. Kwetu magharibi, mke akifa kabla mume hajamjengea nyumba kwenye boma la ukoo wa mume, jeneza lake halina pa kuingizwa. Huwekwa uani chini ya turubai, kama la mpita njia. Nimeliona jambo hilo mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa mmoja wa wanaume walioketi pembeni wakimsema mume. Mke wangu nilikuwa nimekaa naye miaka arobaini na mmoja. Sikuwa nimemjengea hata jiko.

Nikisema ni ufukara nitakuwa nadanganya. Kulikuwa na miaka ambayo ningeweza. Kilichonizuia ni kaka yangu, na kilichomzuia kaka yangu ni mimi.

Desturi yetu inasema mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake. Akifanya hivyo amemruka, na kumruka mtu aliye hai ni kama kumtangazia kifo. Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Mwaka ule tulipomzika mama, alikata miti, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo za nyumba yake. Mimi nilisimama mbele ya ukoo mzima, nimevaa koti la Nairobi, nikaahidi kuleta mabati. Watu wakanipigia makofi. Na kweli niliyanunua. Niliyaweka stoo kule kazini, mabati ishirini, nikingoja lori la kuelekea kwetu.

Kisha jamaa fulani akaniuzia kiwanja kidogo ng'ambo ya Dagoretti, akaniambia nikijenga vyumba viwili vya kupangisha nitazeeka nimekaa. Nikachukua yale mabati nikaezekea. Nilijiambia kodi ikianza kuingia nitanunua mengine, tena mazito. Kiwanja kile kilikuwa kwenye njia ya barabara mpya. Tingatinga lilikuja asubuhi moja na kupita juu ya kila kitu, mabati ya kaka yangu yakiwemo, na mimi nimesimama kando na ufunguo mkononi.

Nguzo zake zililiwa na mchwa zikiwa zimesimama. Alihamia jiko la marehemu mama, na huko ndiko alikozeekea. Hakuniuliza habari za mabati hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nilipotakiwa kujenga haraka, nilifanya walivyozoea kufanya watu wa kwetu waliosoma kidogo na kukaa mjini sana. Nilitafuta mwanya kwenye desturi. Nilijiambia kwamba tangu enzi za babu, nyumba ni nguzo inayoingia ardhini. Kibanda cha Karen hakikuwa na nguzo ardhini. Basi si nyumba. Ni kitu kilichowekwa, kama kabati. Nikikiweka kwenye kiwanja cha baba sitakuwa nimemruka mtu.

Nilimpata fundi Dagoretti Corner, nyuma ya wale wauza vitanda na makochi wa Ngong Road. Alikuwa mtu wa Ukambani, mwembamba, penseli sikioni, mcheshi. Nilimchorea kibanda kwenye karatasi. Akaigeuza karatasi juu chini.

“Mzee, hii ni nyumba ama ni kiberiti?”

Nikamweleza kwamba lori huishia sokoni kwenye daraja, na kutoka hapo ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, kushuka bondeni na kupanda. Kila ukuta ulipaswa kugawanywa vipande ambavyo watu wawili wanaweza kubeba begani, vikaunganishwe huko kwa nati na bolti. Akasema inawezekana, ila kila kipande kiandikwe nambari, na kabla ya kusafirishwa lazima aisimamishe yote hapo kwake kwanza. “Sitaki unipigie simu ukiwa mlimani uniambie ukuta umekataa.”

Bei ya mbao mpya ilikuwa mbali nami. Fundi alinipeleka Westlands, mahali walipokuwa wakijenga jengo refu la ofisi, na msimamizi akatuuzia mbao walizokwisha kumwagia zege. Zilikuwa na saruji iliyokauka na misumari kila mahali. Tulizing'oa misumari kwa siku kadhaa. Nilikuwa nairudisha nyumbani ndani ya kopo, na mke wangu aliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe mlangoni petu, akipumzika kila baada ya misumari michache. Majirani walimtania kwamba amefungua karakana. Akawajibu kwamba anayetaka kazi aje na nyundo yake.

Mlango tuliutengeneza kwa mbao nzuri. Hilo alilisisitiza yeye.

Siku ya kuisimamisha nilimleta kwa teksi, kwa sababu hakuweza tena kutembea kutoka barabarani. Alikuja na ufagio. Ile nyumba ilikuwa imesimama katikati ya makochi ya watu, ina madoa ya saruji kila ukuta, na nambari zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Alipanda kibarazani akishika mkono wangu, akaingia, akaanza kufagia vumbi la msumeno. Akapanga kwa mdomo. Kitanda kikae huku, mlango ukifunguliwa mgeni asianze na miguu yake. Meza huku. Kisha akatusukuma nje, mimi na fundi, akafunga.

Tulisimama. Akakaa ndani kwa muda mrefu hata nikapata wasiwasi, nikabisha.

“Nani?” akauliza.

“Ni mimi.”

“Wewe nani?”

“Mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba ni mimi,” akasema. “Wewe subiri.”

Fundi alicheka mpaka penseli ikaanguka. Mimi pia nilicheka. Hiyo ndiyo siku yetu ya furaha katika habari hii yote, na niliiharibu kesho yake.

Kesho yake nilikwenda mjini, River Road, kutafuta bolti za mwisho. Nikaona ni vyema nimpigie kaka yangu kumjulisha, maana lori lilikuwa tayari. Nilisimama kwenye ngazi za duka, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Nikamweleza habari za mawe tisa. Nikamwambia haina nguzo, haigusi udongo, ni kama mtu kuleta kitanda akakiweka uani.

Akaniuliza, “Utalala ndani?”

“Nitalala.”

“Na mkeo?”

“Na yeye.”

“Basi ni nyumba. Kuku wangu pia wako juu ya mawe, na hakuna mtu amewahi kuniuliza kabati la kuku liko wapi.”

Nikacheka, nikidhani tumeelewana. Yeye hakucheka.

“Sikukatazi,” akasema. “Jenga. Kiwanja ni cha baba yetu. Ila ukinipita, ndugu yangu, utakuwa umenihesabu na waliokwisha kwenda. Nami bado niko hapa kwenye jiko la mama.”

Nilimsihi. Nilizungumzia mbuzi wa kuwatolea wazee kama faini. Akasema wazee watamla huyo mbuzi vizuri, na mimi nitabaki mdogo na yeye mkubwa vilevile. Mabati hakuyataja. Watu walikuwa wanapita wakinisukuma kwa mabega, na nilishindwa kukumbuka nimefuata nini pale.

Siku zilizofuata sikujua la kufanya. Nyumba ilibomolewa ikarudi kuwa vipande, ikaegemezwa kwenye ua wa fundi. Mvua zikakaribia. Mwenye ua alitaka nafasi yake, na fundi, ambaye alikuwa mtu muungwana, alianza kukwepa macho yangu. Nilimpigia simu mchungaji. Nilimpigia binamu mwenye maneno mengi. Kila mmoja alisema atazungumza na kaka yangu, na kila mmoja alirudi akisema mzee hana hasira, ila hawezi kusema ndiyo. Ningeweza kumruka. Wapo waliowaruka kaka zao na mvua inanyesha kwao kama kawaida. Lakini mimi nilikuwa nimeshamruka mara moja, kule Dagoretti, na ninajua uso wa kitu hicho.

Mke wangu alikuwa akinitazama nikipiga hizo simu. Jioni moja akanyoosha mkono, akaninyang'anya simu, akaiweka chini ya mto.

“Mpelekee,” akasema.

“Nimpelekee nini?”

“Nyumba. Ulimnyima paa, mpelekee paa. Akishakuwa na yake hutakuwa umemruka.”

Nikamwambia hatuna mbao nyingine. Jengo la Westlands lilikuwa limeanza kuwekwa vioo. Hakuna zege tena. Nikamwambia hatuna muda, nikajuta papo hapo, kwa sababu neno hilo lilikuwa lake na si langu.

“Najua,” akasema. “Lakini mlango ubaki.”

Sikumwuliza sababu. Nilidhani ni kumbukumbu anayoitaka, na nilikuwa nimemnyima mengi mno hata nikasita kuhojiana juu ya mlango.

Lori liliondoka na fundi kiti cha mbele. Mimi sikwenda, maana hakuna wa kumwachia mgonjwa. Baada ya siku nne ikaja picha kwenye simu. Ukuta namba tatu wameuweka mahali pa namba tano, kwa hiyo dirisha moja linatazama choo. Mlangoni wamening'iniza bati kuukuu. Kaka yangu amesimama kibarazani na koti lake la kanisani, mikono imeshuka, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Fundi aliniambia aliporudi kwamba mzee alizunguka nyumba mara tatu, akigusa kila jiwe kwa fimbo, kisha akauliza kama anaweza kulala ndani leo leo.

Hakunipigia mimi. Alimpigia mke wangu. Walizungumza kwa lugha yetu, yeye akiwa upande wake wa pazia, nami upande wangu nikichambua mchele. Nilisikia akicheka mara moja. Baadaye nikasikia akisema taratibu, kama mtu anayeagiza kitu dukani, kwamba mlango wa kwake uko tayari, umebaki huku.

Wiki iliyofuata daktari alisema safari ile ndefu, na njia ile ya kupanda na kushuka, moyo wake hauwezi. Sasa ruhusa ya kujenga ninayo. Kaka yangu ana paa, na hakuna ninayemruka. Mbao sina, na hata ningekuwa nazo, mtu niliyetaka aingie kwa miguu yake hawezi kufika. Nimezeeka nikijua kwamba mtu huvuna alichopanda. Sikujua kwamba mavuno yanaweza kuangukia sahani ya mwingine.

Mlango uko nyuma ya kitanda chetu, umeegemea ukutani. Msimamizi wa ploti tunamopanga aliniuliza kama nauza. Nilimjibu kwa hasira ambayo hakustahili.

Ni juzi tu mke wangu alipoamua kuniambia walichopatana na kaka yangu. Siku itakapofika, kabla gari halijafika sokoni, kaka yangu na vijana wa ukoo watamsimamishia nyumba ya siku moja. Kwetu huwa inafanyika, kaka mkubwa akiridhia, kwa mwanamke ambaye mumewe alichelewa: fito, majani ya migomba, mabati ya kuazima, ilimradi jeneza lipite mlangoni. Kaka yangu ndiye atakayechimba shimo la kwanza. Alijitolea mwenyewe.

“Nyumba ya siku moja ikiwa na mlango mzuri,” akaniambia, “watu hawataangalia kuta.”

Akanihurumia, akanipa kazi. Akaniomba nizipake mafuta zile bawaba.

Nikamwambia mlango haujatundikwa popote, bawaba zina shida gani.

“Watu watakuwa wengi,” akasema, “wanaingia na kutoka. Sitaki ulie.”

Nikachukua mafuta ya kupikia na kitambaa. Nikasogeza kitanda taratibu, na yeye yuko juu yake, ili nifikie bawaba ya chini.