Pua ya Askari wa Kipilefti

Mume wangu alikuwa fundi rangi. Kuanzia kwetu Masama mpaka Moshi mjini kuna kuta nyingi zilizopita mikononi mwake, lakini kazi aliyopenda kuisimulia ilikuwa moja tu: yule askari wa sanamu anayesimama na bunduki yake kwenye kipilefti cha mjini, pale magari yanapozunguka. Alimpaka rangi akiwa kijana.

Mimi sikusoma sana, na historia ya sanamu ile siijui vizuri. Wengine husema iliwekwa kwa ajili ya wazee waliopelekwa kwenye vita vya wazungu, wengine husema ni ya vita vya Kagera. Ninachoweza kusema ni nilichokiona kwa macho. Hawakuweka mkubwa juu ya farasi. Waliweka mtu wa kawaida, kwa miguu yake, kama wale waliotoka vijijini na hawakurudi. Hana jina, kwa hiyo kila aliyepotelewa na mtu anaweza kusema huyu ni wangu.

Mume wangu naye alisema ni wake, ila kwa namna yake. Tulipooana alisema, "Nilimpaka rangi." Tulipopata mtoto wa pili ikawa, "Nilimvisha." Uzeeni akawa anawaambia wageni, "Itazameni ile pua. Mchongaji alinisimamisha siku tatu." Nilimwambia mbele yao kwamba sanamu ilikuwepo kabla hajaota ndevu.

"Na pua ilikuwepo pia," akajibu.

Alifariki mwaka jana, Julai, wakati wa baridi. Kwetu historia ya marehemu husomwa kanisani kabla ya kwenda kumzika kihambani, migombani kwake, na watu huisikiliza kuliko mahubiri. Aliyeiandika ni mdogo wake. Siku moja kabla ya mazishi alinisomea, wanawake wakimenya ndizi za machalari.

"'Ndiye aliyesimama mbele ya mchongaji akawa mfano wa sanamu maarufu ya askari mjini Moshi,'" alisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Hiyo itoe," nikamwambia.

"Shemeji, ni sentensi moja."

"Ni ya uongo."

"Mwenyewe aliisema miaka yote."

"Aliisema mimi nikiwa hapo kumbishia. Kesho atabishiwa na nani?"

Wifi yangu, bila kuacha kumenya, akasema, "Lakini pua kweli inafanana."

"Wifi, pua za kwenu zote zinafanana. Basi tuseme sanamu ni yako."

Wanawake wakacheka. Shemeji hakucheka. Alisema ukoo mzima unaijua habari ile, wa Dar wako njiani, na nikikataa nitakuwa nimemwaibisha ndugu yake siku ya kuzikwa. Neno hilo liliniuma. Sikutaka mume wangu aaibike. Lakini nilikuwa nimempoteza mtu mmoja, na sikutaka kumzika mwingine.

Asubuhi yake shemeji akaja na jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na hakataliwi, hata kama alichoma nyumba yako. Alilishika kwa mikono miwili, na wifi nyuma yake kama shahidi. Nikajisemea moyoni, leo ameniweza.

"Umenikosea nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Bado. Naomba kabla."

"Isale ni ya kosa lililokwisha kutendeka. Haiwekwi akiba."

Akabaki amesimama na jani lake. Nikamhurumia, maana naye alikuwa amefiwa.

"Jana uliniambia namwaibisha mume wangu," nikasema. "Hilo nimekusamehe, na jani nimelipokea. Sentensi sijaipokea."

Wifi akasema chini chini, "Kaka alioa hakimu."

Kanisani sikujua atasoma nini. Niliyakaza macho kwenye jeneza. Alisoma shule aliyopitia marehemu, ndoa, watoto, kisha akafika pale pa sanamu akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Aliipaka rangi sanamu ya askari mjini Moshi," akasema, "kazi aliyojivunia kupita kiasi."

Kicheko kidogo kikapita kwenye mabenchi. Hata mchungaji aliinamisha kichwa.

Baada ya kuzika, mzee mmoja nisiyemjua akanijia akiegemea fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema ametoka Bomang'ombe.

"Mimi ndiye niliyemshikia ngazi siku ile alipompaka askari rangi," akasema. "Wangesoma ile hadithi ya mchongaji, ningeondoka kimya kimya. Ningesemaje mbele ya watu?"

"Ulikuwepo kweli?"

"Nilikuwepo. Mumeo aliogopa kwenda juu, mama. Kichwa cha yule askari alikipaka amefumba macho, mkono mmoja amemkumbatia shingo, anaimba pambio kwa sauti ili asisikie magari. Rangi nyingi ilinimwagikia mimi. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Miaka yote ile ya majigambo, hilo hakuwahi kuniambia. Nilicheka pale pale, viatu vikiwa bado na udongo wa kaburi, na machozi yakaja yenyewe bila kuitwa. Nikamtafutia mzee kiti, nikamletea sahani ya machalari, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo, polepole.