Walitufukuza Kwenye Gofu kwa Sababu ya Kola

Nimewahi kufukuzwa sehemu nyingi. Lakini kufukuzwa kwa sababu ya shingo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Shingo yangu, na shingo za wamama kumi na mmoja wa kwaya.

Naitwa Mauwa. Nilizaliwa Uvira, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne Brussels. Tisa kati ya hiyo nimeimaliza jikoni, kwenye klabu moja ya gofu nje kidogo ya mji. Jina lake silitaji, bado nakula pale.

Miaka tisa naosha glasi mbele ya dirisha. Nje, majani yamekatwa kama zulia, na wazee wanapiga kampira keupe, wanakafuata polepole, wanakapiga tena. Mwanzoni nilicheka. Mwaka wa pili nikaanza kuangalia nani anapiga vizuri. Kufika mwaka wa tano, nilijua kosa la kila mmoja wao.

Nilitaka kucheza. Nasema wazi. Nilitaka mpaka mikono iliniwasha.

Mwaka huu klabu ikashtuka. Wazee wanapungua, vijana hawaji. Meneja wetu, bwana Ghislain, akabandika tangazo mlangoni: "Gofu ni ya wote." Mafunzo ya bure kwa wapya, kila Jumamosi. Sharti moja tu: wapatikane watu kumi na wawili, la sivyo darasa linafutwa.

"Hata mfanyakazi?" nikamuuliza.

"Hata mfanyakazi. Ukiniletea wengine kumi na mmoja."

Akacheka, akaenda zake. Alidhani ni mzaha. Hajui kwaya yetu.

Jioni ile kanisani Laeken, baada ya mazoezi, nikasimama.

"Bamama, kuko mucezo moja kule ku kazi yangu. Ni bure."

Maman Émérance, kiongozi wetu, sauti yake haihitaji kipaza. "Tunavala nini?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Hatuendi mahali pa maana kila mtu na nguo yake. Tunavaa liputa moja, kitambaa kimoja, ili watu wajue tumekuja pamoja.

"Bon, uniforme ya Pâques," akajijibu mwenyewe, yaani sare yetu ya Pasaka.

Nikakubali. Kosa langu lilianzia hapo.

Jumamosi tukakutana stesheni ya Gare du Midi. Wanawake kumi na wawili, liputa ya bluu na njano, blauzi za shingo pana, mabega nje, na ndoo mbili za beignets, maandazi yetu. Tuliimba ndani ya basi mpaka dereva akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata wimbo.

Getini, Ghislain akaja mbio, uso mwekundu.

"Mauwa, hapana. Mwanachama mmoja amewaona mkishuka basi, ameandika barua sasa hivi. Kifungu cha saba: anayeingia uwanjani lazima avae nguo yenye kola. Nguo zenu hazina."

"Mwanachama gani?"

"Siwezi kusema. Mna nafasi mpaka Jumamosi ijayo. Baada ya hapo nalifuta darasa."

Nikatazama barazani. Pale alikaa mzee mmoja anayenirudishia kahawa kila siku, mara ya moto sana, mara ya baridi. Nikasema moyoni, ni wewe, mshenzi.

Kando yake alikaa Donatien, ninayemwita Tonton, yaani mjomba. Mtu wa Lubumbashi, injinia mstaafu, mwanachama mweusi pekee wa klabu nzima. Miaka tisa namwekea pilipili yake pembeni. Aliinamisha kichwa. Masikini, nikawaza, anaona haya kwa ajili yetu.

Kurudi, hakuna aliyeimba. Mmoja akasema, "Miye sirudie kule hata banilipe."

 Tulipokuwa kwenye metro, karibu na kituo cha Porte de Namur, Maman Émérance akaniuliza, "Ile article ya saba inasema kola, ao inasema kitambaa?"

Nilikuwa nimeipiga picha kwa simu pale getini, kwenye karatasi ya Ghislain. Nikaisoma. Kola. Rangi hawakutaja. Kitambaa hawakutaja. Mabega ndiyo kabisa.

"Alors tushuke hapa."

Polycarpe, fundi wetu wa nguo pale Matonge, mtaa wa Waafrika, alishika kichwa kusikia nguo kumi na mbili kwa wiki moja. "Bamama douze, semaine moja? Munataka kuniua?"

"Hautakufa. Pima," Maman Émérance akamwambia.

Nikamvuta Polycarpe pembeni. "Shona treize. Ya mwisho ya mwanaume, kubwa." Hiyo ya kumi na tatu ilikuwa ya Tonton Donatien. Nilitaka siku hiyo asiwe peke yake.

Jumamosi ya pili tukarudi. Kitambaa kilekile, mabega yaleyale nje, lakini shingoni kola! Ngumu, pana, zimesimama. Hata shati la waziri halina kola kama zile.

Ghislain alisoma karatasi yake. Akatuangalia. Akasoma tena. Kisha akacheka mpaka akashika geti.

"Ingieni."

Akanipeleka ofisini kuandikisha majina. Kwenye meza, chini ya fomu, ile barua ya wiki iliyopita ilikuwa imelala wazi. Saini yake naijua. Ndiyo ile ninayoiona kila wiki kwenye bili za mgahawa.

Donatien.

 Nikaandika majina haraka kwa hasira, nikachukua mfuko wangu, nikatoka.

Nilimkuta barazani na rafiki zake wawili, kahawa mezani.

"Tonton, ni weye uliandika?"

Aliwatazama rafiki zake. Hawajui Kiswahili. "Mauwa, ikala kwanza."

"Siikale."

"Sikia. Miye niko hapa vingt-deux ans, miaka makumi mbili na mbili, peke yangu. Balinizoea. Sasa munakuya na nyimbo, na beignets... Batasema, angalia batu yake. Batanifukuza na miye."

 Nilimhurumia, siwadanganyi. Lakini huruma haikuuzuia mkono wangu. Nikatoa ile nguo kwenye mfuko, nikaitandaza mezani, juu ya vikombe vyao.

"Hii ni ya kwako, Tonton. Nilikushoneshea mbele ya kujua. Iko na kola."

Nikageuka, nikashuka uwanjani.

Pigo la kwanza nilikosa. La pili nikachimba udongo. La tatu mpira ukaruka, ukaenda, ukaenda tena. Maman Émérance akapiga vigelegele mpaka baraza lote likageuka. Hakuna aliyetukataza. Kwenye kanuni zao vigelegele havimo, nimeshaziangalia zote.

Leo ni wiki ya nne ya mafunzo. Tonton hajaivaa ile nguo. Hajairudisha pia, iko ndani ya mfuko wake wa fimbo za gofu, nimeona pindo la njano likichungulia. Pilipili yake bado namwekea. Ila siku hizi naizidisha makusudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma hii: ukionyeshwa kanuni ili urudi nyumbani, usirudi kabla hujaisoma yote.

Na kama uliingia mahali peke yako, wakakuzoea, usiogope wenzako wanaokuja nyuma wakiimba. Sogea kidogo, wapite.

Usiposogea, tutapita tu.