Kaka yuko angani tangu asubuhi

Leo nimemchukia kaka yangu, na sioni aibu kusema.

Mama alifariki jana hapa Ruangwa. Alfajiri ya leo kaka akapiga simu kutoka Mwanza: "Msizike bila mimi. Napanda ndege sasa hivi."

Tukasogeza mazishi kutoka adhuhuri hadi alasiri. Kila tukimtumia ujumbe anajibu, "Bado niko angani."

Shangazi, aliyekuja na bodaboda kutoka Nachingwea na hajapanda ndege maisha yake, akaniuliza:
"Mwanangu, Mwanza mpaka Dar ndege inatumia muda gani?"
"Saa moja na nusu, shangazi."
"Sasa hiyo yake imeganda?"

Nikampigia wifi, mkewe, nikamuulizia kaka.
"Baba Salma? Yupo, anakula. Nimpe simu?"

Jamani! Mama kashavishwa sanda, mwanaye anakula Mwanza!

Shangazi akainuka. "Tukamzike."
Tukamzika.

Sasa hivi nafungua simu, kaka kaweka picha ya mama: "Nimekulaza salama, mama yangu." Watu wamejaa kumpa pole. Kinyaa kimenishika.

Nimemuuliza palepale, mbele ya wote: "Kaburi liko upande gani wa nyumba?"

Kasoma.

Nyie mngemfanyaje?