Unga Wenye Picha ya Mama

Miaka tisa Bi Mkali alishona mifuko ya unga kiwandani. Kila mfuko ulikuwa na picha ya mama mwenye mashavu ya kunona, na chini yake maandishi: "Umeongezwa madini ya chuma kwa afya ya mama." Umeongezwa! Kila alipolisoma neno hilo alibetua midomo. Mashine ndogo ya kudondoshea poda ya madini ilikuwa imezimwa tangu mwaka juzi. Meneja, bwana wa tai ndefu na akili fupi, alidai poda inaharibu weupe wa unga. Iliwashwa siku za wageni tu, kama redio ya sebuleni.

Naye Bi Mkali, aliyeogopwa mtaa mzima kwa ulimi wake, kazini aliutia kufuli.

Halafu mdogo wake, mwenye mimba ya miezi sita, akaanguka kwenye foleni ya kliniki, Bi Mkali akiwa amemsindikiza. Nesi alimfunua kope la chini, ndani lilikuwa jeupe. Vipimo vikaonyesha damu imepungua mno. Akampa vidonge, akamwambia ale maharage na mboga za majani, na anunue unga ulioongezwa madini.

"Ndio tunaokula huo," mdogo mtu akajibu kwa kujivunia. "Dada anafanya kazi huko huko."

Nesi akamtazama Bi Mkali kwa heshima. Heshima hiyo ilimchoma kuliko tusi. Alijiona mjinga aliyevaa aproni.

Wiki iliyofuata mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, alifika kiwandani. Meneja alimtangulia huku akitabasamu meno yote thelathini na mawili.

"Hapa, mheshimiwa, tunajali akina mama."

"Unawajali leo tu," Bi Mkali akasema, akasimamisha cherehani. "Mashine hiyo imewashwa asubuhi hii. Mama, chukua unga wa stoo, ule wa mwezi uliopita, ukaupime."

"Huyu hajasoma, mheshimiwa, asikusumbue."

"Kusoma najua, bosi. Nimesoma uongo wako miaka miwili, mfuko kwa mfuko."

Mkaguzi hakubishana na mtu. Aliomba funguo za stoo. Meneja alizitafuta mifukoni muda mrefu, na zilikuwa zinaning'inia shingoni mwake.

Majibu yalirudi: hakuna chuma hata cha kutia dawa. Kiwanda kilifungwa wiki tatu, na kilipofunguliwa mashine ya poda iliwekwa lakiri ya mkaguzi isizimwe kienyeji. Meneja alipelekwa makao makuu kusimamia, eti, ubora. Bi Mkali alipewa barua ya onyo kwa "kuzungumza na wageni bila ruhusa." Aliisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaitumia kufungia vitumbua vya mdogo wake, ambaye damu yake ilikuwa imeanza kupanda, na ulimi pia.

"Na wewe dada, miaka miwili yote ulikuwa unangoja nini?"

Bi Mkali akaikunjua ile barua ya onyo, akamsogezea kitumbua cha kwanza.