Anayepima Simu Homa

Dereva wa basi linalotupeleka kazini analala chumba kimoja nasi hapa Industrial Area, na kila akirudi kazini huanza na simu zetu kabla ya kuvua viatu. Hupita kitanda kwa kitanda akizigusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Yenye joto huichomoa kwenye chaji. Iliyofichwa chini ya mto huitoa na kuiweka sakafuni, hata mwenyewe akimtukana, na mimi nimemtukana sana. Juzi pawabanki ya mwenzetu Mutai, ile betri ya kuchajia simu, ilivimba kama andazi, naye Mutai akaidunga sindano ili itoe upepo. Ncha ilikuwa imeshaingia dereva alipomnyang'anya.

"Kwani wewe ni dereva ama daktari?" Mutai akafoka.

"Ndani kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu," alijibu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, huku akitoka nayo mbio uani. "Ukiutoboa, chanya na hasi zinagusana. Joto linazaa joto, na halizimiki tena."

Aliifukia kwenye ndoo ya mchanga tunamozimia sigara. Tulikuwa bado tunamcheka mlangoni mchanga ulipofuka moshi, kisha ukaruka pamoja na moto. Hakutugeukia. Alisubiri hadi moto ukatulia, akarudi ndani, akaendelea na kitanda kilichofuata, mkono ule ule, utaratibu ule ule. Kabla hajafika kwa Mutai, Mutai aliinua mto wake mwenyewe, akatoa pawabanki yake ya pili.